Rumatizimu inapofika kwenye ngozi: vidonda vya miguu, vidole vyeusi na mishipa ya damu iliyovimba

Huku kwetu Kasongo na Kabambare neno "rumatizimu" linabeba mizigo mingi. Mzee ambaye goti limechoka, kijana wa SS anayelia na mifupa, mama aliyetoka kuinama siku nzima katika mpunga, wote wanaambiwa wana rumatizimu. Kati yao kuna kundi dogo lenye ugonjwa wa pekee: viungo vinavimba pande zote mbili, asubuhi vidole vinakataa kufunga, na hali hiyo haiishi baada ya wiki mbili tatu. Waganga wanaita poliartriti rumatoidi. Katika Kiswahili cha pwani wanasema baridi yabisi, ingawa baridi haihusiki sana.

Makala hii ni juu ya jambo moja la ugonjwa huo ambalo halizungumzwi: siku unapotoka kwenye viungo na kuingia katika mishipa ya damu ya ngozi. Haitokei kwa kila mgonjwa, wengi hawaioni kamwe. Lakini ikitokea, mtu anaweza kupoteza kidole, mguu au hata uhai, na mara nyingi miezi inapita watu wakitafuta nani amemtupia dawa.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika poliartriti askari hao wanakosea adui, wanaanza kupiga ngozi laini ya ndani ya viungo. Viungo vidogo vya mikono na miguu ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi: vifundo vya vidole, kiwiko cha mkono, nyayo za mbele. Ishara kubwa ni ule ukakamavu wa asubuhi. Mama anaamka, anashindwa kushika mtwangio wa sombe au kufunga kitenge mpaka jua lipande, kisha mikono inalegea kidogo. Maumivu ya kazi ni kinyume: asubuhi mtu yuko salama, jioni ndipo anaumia.

Ugonjwa unapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50. Si ugonjwa wa Wazungu kama wengine wanavyodhani. Utafiti uliofanywa Kinshasa kwa watu wazima 5,000, ukachapishwa mwaka 2012, ulikuta chini ya mtu 1 kwa kila 100. Kwa kipimo hicho, kijiji chenye watu wazima 500 kingekuwa na watu watatu au wanne. Si wengi, lakini wapo, na pengine unawajua: ni yule bibi ambaye vidole vyake vimepinda kuelekea upande wa kidole kidogo, na watu wamezoea kumuona hivyo.

Hauambukizwi. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye, kuvaa nguo yake.

Namna mishipa ya damu inavyoingia

Katika damu ya mgonjwa kuna vitu ambavyo askari wa mwili wanatengeneza kwa wingi. Kimoja kinaitwa fakta rumatoidi. Vikikaa miaka mingi katika damu, na vikiwa vingi, vinashikana na kunata kwenye kuta za mishipa. Ukuta unavimba, njia inakuwa nyembamba, mwisho inaziba. Nyama iliyokuwa inapata damu kutoka mshipa huo inakufa. Ni kama mfereji wa shamba uliojaa udongo: mimea ya mwisho ndiyo inakauka kwanza. Ndiyo maana shida inaonekana fasi za mbali na moyo, vidole na miguu. Waganga wanaita hali hiyo vaskulariti.

Kuna jambo hapa linalodanganya familia nyingi. Vaskulariti kwa kawaida haiji mwanzoni. Inakuja baada ya miaka kumi au zaidi, na mara nyingi wakati viungo vyenyewe vimetulia. Vidole vimepinda tayari, vimekakamaa, lakini havivimbi tena na haviwaki moto. Mgonjwa mwenyewe anasema, "rumatizimu yangu ilikwisha zamani." Kisha kidonda kinatokea mguuni. Nani atafikiri kuunganisha kidonda cha leo na viungo vya miaka kumi na tano iliyopita? Muuguzi wa kituo cha afya anaangalia kidonda, anakisafisha, anaandika antibiotiki. Mikono ya mgonjwa iko mbele yake, imepinda, lakini hakuna anayeiuliza.

Walio katika hatari zaidi wanajulikana: wenye ugonjwa wa muda mrefu usiotibiwa, wenye fakta rumatoidi nyingi, wenye vinundu chini ya ngozi, na wavutaji wa tumbaku. Ingawa poliartriti ni ya wanawake zaidi, vaskulariti inapenda wanaume kuliko inavyotarajiwa.

Tumbaku tuiseme wazi, kwa sababu inachochea poliartriti yenyewe na tena vaskulariti. Na kwa ndugu zetu wa machimbo ya Salamabila na Namoya kuna la kuongeza. Vumbi la jiwe gumu, lile linalotoka mtu akitoboa au akitwanga mawe ya dhahabu, limeonekana katika nchi nyingi kuwa linaongeza hatari ya poliartriti, zaidi ya kuharibu mapafu. Mchimbaji anayevuta sigara shimoni anabeba hatari zote mbili. Hata mama twangaise hayuko salama, maana yeye anakaa katikati ya vumbi hilo siku nzima. Kulowesha mawe kwa maji kabla ya kutwanga kunapunguza vumbi.

Ngozi inasema nini

Vitabu vingi vya uganga vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Utaona rangi ya zambarau, kahawia nzito, au weusi uliozidi. Kwa hiyo angalia zaidi fasi zenye rangi nyepesi: viganja, nyayo, chini ya kucha.

Dalili ndogo kabisa ni vidoti vyeusi pembeni ya ukucha, kama mtu aliyechomwa na mwiba au kibanzi cha mbao. Mara nyingi haviumi. Vikiwa peke yake havitishi sana, lakini ni barua ya kwanza, na mtu anayevipata aonane na muganga kabla hajasubiri barua ya pili.

Nyingine ni madoa madogo ya damu kwenye miguu. Chukua gilasi ya kuona mpaka upande wa pili, ibonyeze juu ya doa. Doa la kawaida la joto au mzio hupotea kwa muda. Doa ambalo damu imetoka nje ya mshipa linabaki palepale.

Halafu kidonda chenyewe. Kinapenda kuwa juu ya kifundo cha mguu au kwenye muundi. Kinatokea upesi, wakati mwingine kwa siku chache, bila mtu kujigonga. Ni kirefu kwenda ndani, kingo zake zimesimama kama zilizokatwa kwa chombo, na kinauma sana, maumivu ambayo hayalingani na ukubwa wake. Kwa wengine ncha ya kidole cha mkono au mguu inakuwa baridi, inauma, kisha inageuka nyeusi na kukauka. Hiyo ni dharura. Usisubiri kesho kutwa.

Na ngozi ikipata shida hiyo, mara nyingi kuna kingine pembeni. Mguu unaanza kuburuta, sandali inaponyoka bila mtu kujua, au mkono unalegea kwenye kiwiko cha kiganja: mshipa wa fahamu umekosa damu. Jicho linakuwa jekundu na kuuma kwa ndani. Homa isiyo ya malaria, uzito unashuka. Mtu wa viungo mwenye kidonda na mguu unaoburuta asilale nyumbani akisubiri soko la wiki ijayo kupata pikipiki.

Vinundu na tochi za kienyeji

Wenye poliartriti ya muda mrefu wanaweza kuwa na vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa nyuma ya kiwiko cha mkono na juu ya vidole. Huku kwetu kinundu kina jina lingine tayari: onko, ule ugonjwa wa inzi wa mtoni ambao kila mwaka reko wanatugawia ivermektini. Vinundu vya onko hukaa zaidi juu ya nyonga, mbavu na mifupa ya makalio. Kinundu cha kiwiko kwa mtu mwenye vidole vilivyopinda ni habari nyingine, na ivermektini haitakiondoa.

Tena kuna ukoma, ambao katika Maniema haujaisha. Ukoma nao unaweza kukunja vidole, kuleta vinundu na vidonda, hata kuvimbisha viungo. Tofauti kubwa ni hisia: doa la ukoma halisikii pamba wala joto, na kidonda cha mkoma mara nyingi hakiumi, wakati kidonda cha vaskulariti humfanya mtu akeshe. Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu hata kipimo cha damu kinaweza kuchanganya. Fakta rumatoidi inaweza kuonekana kwa mtu wa ukoma, wa kifua kikuu, wa kaswende, hata wa malaria ya mara kwa mara. Kwa hiyo karatasi ya laboratwari inayosema "positifu" haitoshi. Mikono ndiyo inasema kwanza.

Muuguzi atafikiri pia juu ya sukari ya damu, SS, mishipa mikubwa ya miguu iliyovimba, kidonda cha Buruli ambacho kwa kawaida hakiumi, na kile kidonda cha tropiki cha watoto wanaotembea bila viatu. Sukari na mkojo ni vipimo rahisi, viombe. Uhakika kamili wa vaskulariti unatoka kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukiangalia kwa hadubini, kazi ya hopitali kubwa. Hata hivyo muganga mwenye macho anaweza kuanza matibabu bila kungoja hadubini, mguu ukiwa unaoza.

Kurogwa, kuchanja na unga wa kapsuli

Kidonda kinachotokea ghafla, kinauma usiku na hakikubali penisilini, katika vijiji vyetu kina maelezo yake: amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Sitabishana hapa na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba maelezo hayo yanagharimu siku, na katika ugonjwa huu siku ni nyama. Yanagharimu pia amani ya ukoo, maana anayeshukiwa mara nyingi ni bibi mwingine au jirani aliyepata mavuno mazuri.

Kuchanja viungo kwa wembe na kupaka dawa nyeusi hakuponyi poliartriti, na kwa mtu ambaye damu haifiki vizuri kila chale ni mlango wa kidonda kipya. Unga wa kapsuli ya tetrasiklini uliomwagwa juu ya kidonda unatengeneza gamba, usaha unabaki chini. Asidi ya betri na kinyesi cha ng'ombe tusivitaje mara mbili. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, funika kwa kitambaa safi kilichochemshwa na kukaushwa juani, ulize kama mgonjwa alipata chanjo ya pepopunda, kisha safari ya kituo cha afya.

Dawa: zinazosaidia na zinazoua zikitumiwa vibaya

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe polepole.

Predinizoloni inatuliza vaskulariti upesi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kutolewa. Dada yake deksametazoni inauzwa katika kila farmasi ya cité, mpaka kwenye meza za soko, na kuna wasichana wanaoimeza ili wanenepe. Watu wengi wa rumatizimu wanaishi nayo miaka, kidonge kimoja kimoja, kwa sababu siku ya kwanza iliwapa mikono yao tena. Ubaya wake unakuja baadaye: sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalainika, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na kupasuka hata kwa kujikwaruza tu, na vidonda havifungi. Aliyeimeza miezi mingi akiacha ghafla anaweza kuanguka na kufa, maana mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Inapunguzwa kidogo kidogo na muganga.

Kwa eneo letu kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kumpa mtu dozi kubwa. La kwanza ni kifua kikuu, ambacho predinizoloni inakificha na kukiamsha. La pili ni minyoo, hasa ile midogo inayoingia kupitia nyayo kwenye udongo wenye maji na kukaa tumboni miaka, waganga wanaiita strongiloidi. Ikipata mwili uliolegezwa na predinizoloni, inaenea mpaka mapafu na inaua. Ukipewa predinizoloni nyingi bila kuulizwa juu ya kikohozi na minyoo, uliza wewe.

Predinizoloni peke yake haimalizi kazi. Ugonjwa unashikwa na dawa za muda mrefu, na kubwa kati yake ni metotreksati. Iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Inamezwa siku moja kwa wiki. Narudia: mara moja kwa wiki, si kila siku. Duniani kote watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kama parasetamoli. Chagua siku ambayo familia nzima inaijua, Ijumaa au Jumapili, na iandikwe kwenye boksi. Huenda pamoja na asidi foliki, na damu na ini hupimwa. Mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba haruhusiwi, inaharibu mtoto. Kuna nyingine kama hidroksiklorokini, ambayo ni ndugu wa klorokini yetu ya zamani ya malaria, nyepesi zaidi lakini macho yanapaswa kuangaliwa.

Vaskulariti iliyokwisha kuua vidole au kulegeza mguu inahitaji dawa kali zaidi, siklofosfamidi au rituksimabu, ambazo hutolewa katika hopitali kubwa. Bei yake ni ya kuuza shamba. Ndiyo sababu ninarudi kwenye viungo. Katika nchi za Ulaya vaskulariti hii imepungua sana tangu miaka ya 1990, na maelezo makubwa yanayotolewa ni kwamba poliartriti ilianza kutibiwa mapema kwa metotreksati, na watu walipunguza tumbaku. Mgonjwa anayetibiwa viungo mwaka wa kwanza ana nafasi nzuri ya kutokuona kidonda hicho kabisa.

Njia ya kupita

Kasongo ina jina katika historia ya uganga. Katika miaka ya 1970 timu ya hopitali yetu pamoja na Taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Antwerpen ilijaribu hapa mpango wa vituo vya afya vinavyotuma wagonjwa kwa hopitali moja ya rufaa, na utaratibu wa zone za afya tunaoujua leo katika Kongo nzima una mizizi katika kazi hiyo. Mwaka 1981 gazeti la waganga la Lancet lilichapisha utafiti wa Kasongo juu ya chanjo ya surua. Ni heshima. Lakini mpango ule ulijengwa kwa surua, uzazi na malaria, magonjwa ambayo mtu anapona au anakufa. Mgonjwa wa kurudi kila mwezi kwa miaka ishirini hana fasi nzuri ndani yake mpaka leo.

Hata hivyo njia ni ileile. Kutoka zone za Kabambare, Lusangi na Saramabila, au Kunda na Samba upande wa Kasongo, anza kwa muuguzi wa kituo chako, aandike karatasi ya kukutuma hopitali kuu ya rufaa ya zone. Kutoka hapo wengine watahitaji Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo mjini kwa barabara ambayo mvua inaimeza. Zamani wengi walitazama Bukavu. Tangu mji huo uchukuliwe na M23 mwezi wa Februari 2025, safari hiyo si ya kuamua peke yako. Waganga waliosomea viungo ni wachache sana nchini na wako hasa Kinshasa, lakini muganga wa hopitali yetu anaweza kuwauliza kwa simu, na picha ya kidonda iliyopigwa mchana penye mwanga inaweza kutangulia mgonjwa.

Ukienda, usibebe kidonda peke yake. Mwambie muganga viungo vilianza kuvimba mwaka gani, hata kama vimetulia. Onyesha mikono yote miwili, viwiko na kucha. Beba maboksi ya dawa zote ulizomeza, pamoja na zile za sokoni na za kunenepa, bila haya, maana deksametazoni iliyofichwa inaweza kuharibu matibabu yote. Beba karatasi za zamani za sukari, kifua na SS kama zipo. Na kama kidole kimeanza kuwa baridi na cheusi, au mguu umeanza kuburuta, liseme hilo kwanza, mlangoni, kabla ya kukaa kwenye benchi kungoja zamu.